Muulize Fundi: Spika ya TV ya chogo kwenye Arduino

Safari hii maswali mengi yamekuja ya aina moja, spika kuukuu na hizi bodi ndogo za kujifunzia, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ukilielewa lile, mengine yanakuwa mepesi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Mbagala Rangi Tatu, nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Braza kaninunulia Arduino Uno Kariakoo, ile ya kopi, nikafungua TV ya chogo iliyokufa hapa nyumbani nikatoa spika, nyuma imeandikwa omu 8, wati 5. Nikaunga waya mmoja pini namba 8, mwingine GND (hasi ya bodi), nikaweka programu ya tone. Inalia ila kidogo sana mpaka uweke sikio, alafu ile chip kubwa nyeusi nikiigusa ina joto, na saa nyingine bodi inajizima inaanza upya. Hapa spika ndo mbovu au bodi feki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Spika nzima, na bodi hata kama ni kopi nayo nzima, ila chomoa hizo waya kwanza kabla hujaendelea kusoma maana hiyo pini unaiua taratibu. Shida yako ni hesabu tu. Pini ya Uno inatoa volti 5, spika yako ni omu 8, gawanya 5 kwa 8 unapata ampea 0.625, yani miliampea 625. Sasa ile chip, ATmega328P, pini moja inatakiwa uivute miliampea 20 hivi kwa kazi ya kawaida, 40 ndo mwisho kabisa, ukivuka hapo unaiharibu, na jumla ya chip nzima isizidi 200. Kwa hiyo wewe umeidai pini moja mara tatu ya kile ambacho chip nzima inaruhusiwa kutoa. Haina, ndo maana volti zinaporomoka pale pale kwenye pini, spika inapata makombo, nguvu nyingine inageuka joto ndani ya chip, na umeme wa bodi ukiyumba sana inajiresti yenyewe. Na usije ukasema mbona inalia, italia leo na kesho alafu siku moja pini namba 8 haifanyi kitu tena hata ukiweka taa, na hapo watu wanaanza kulaumu programu wiki nzima.

Pini kazi yake ni kutoa amri, mzigo ubebwe na mwingine. Hilo ukilishika utaendesha spika, mota, relei, chochote.

Kama leo huna hela kabisa, weka rezista ya omu 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia) kati ya pini na spika. Hapo umeme unashuka mpaka miliampea 22 hivi, pini inapumua, sauti inakuwa ndogo kama ya saa ya mkononi lakini huunguzi kitu na unaendelea kujifunza programu.

Ukitaka isikike chumba kizima tafuta transista, huyo ndo wa kubeba mzigo kwa amri ya pini. Wala usikimbilie dukani, hiyo bodi ya TV uliyoifungua ina transista ndogo za miguu mitatu kibao, na redio mbovu za mtaani ndo usiseme, humo utakutana na S8050 na C1815, na dukani ukiulizia 2N2222 utapewa. Zote hizo ni NPN, yani aina inayofunguka beisi yake ikipewa umeme chanya. Unaunga hivi: pini 8 inaingia kwenye rezista ya 1k, yani omu 1000 (kahawia, nyeusi, nyekundu), alafu kwenye mguu wa beisi. Emita inaenda GND. Kolekta inaenda waya mmoja wa spika, na waya wa pili wa spika unapitia rezista ya omu 47, iwe ya nusu wati, alafu kwenye volti 5. Ile 1k usiiruke, bila hiyo beisi inaivuta pini kama spika ilivyokuwa inaivuta na umerudi kule kule. Ile 47 nayo inazuia spika isile zaidi ya miliampea 85 au 90, kiasi ambacho S8050 inabeba bila wasiwasi na hata C1815 inastahimili. Alafu daiodi, 1N4148 au hata 1N4007, iweke sambamba na spika, upande wenye mstari uangalie kwenye volti 5. Spika ndani ni koili, na koili ukiikatia umeme ghafla inarusha volti za kurudi nyuma, daiodi ndo inazimeza zisimfikie transista.

Hapa kwenye miguu ndo vijana wengi wanakwama kwa hiyo twende polepole. Shika S8050 ule uso bapa wenye maandishi ukuangalie wewe, miguu ielekee chini, kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. Shika C1815 vile vile, yenyewe ni emita, kolekta, beisi, beisi imekaa pembeni. Na 2N2222 za plastiki zipo za mpangilio huu na zipo zilizogeuzwa, inategemea kiwanda. Usikariri, pima. Weka mita kwenye alama ya daiodi, waya mwekundu uweke mguu mmoja, mweusi uguse ile mingine miwili. Ukipata mguu ambao mwekundu ukikaa hapo mweusi unasoma 0.6 au 0.7 kwenye miguu yote miwili, hiyo ni beisi na transista ni NPN. Sasa angalia vizuri zile namba mbili, zinapishana kidogo sana, ile kubwa kidogo ndo upande wa emita. Kama mita yako ina kile kitundu cha hFE (cha kupimia transista) kitumie kuhakikisha, ukichomeka sawa inasoma namba ya mia na kitu, ukikosea inasoma namba ndogo ndogo.

Kwenye programu, `tone(8, 1000)` itakupa hezi 1000, mlio mkali wa kutosha, na `noTone(8)` inauzima na kuiacha pini ikiwa chini, ambayo ndo tunataka. Ukiiacha pini juu kwa `digitalWrite` spika inakaa na umeme wa moja kwa moja, hailii, inapasha koili joto bure. Na ukiona pini 3 na 11 zimeacha kufifisha taa wakati mlio unapigwa usishangae, tone inatumia taima ile ile ya pini hizo.

Jambo la mwisho na hili nakusihi. TV ya chogo usiifungue tena peke yako. Umeme wa ukutani volti 230 ukishanyooshwa mle ndani unafika kama 325 kwenye ile kapasita kubwa, na inaweza kubaki nao hata TV ikiwa imechomolewa. Kile kioo chenyewe kina waya mnene wenye kofia ya mpira, pale wakati inawaka ni maelfu kwa maelfu ya volti na chaji inabaki. Ukitaka spika za TV nenda kwa fundi wa mtaani kwako, wanazo zimerundikana kwenye maboksi, atakupa kwa bei ya soda au bure kabisa ukimwambia unajifunza.

SWALI: Fundi mwanangu, mimi ni mstaafu niko Tandika, wajukuu wananisumbua na haya mambo ya Arduino. Nina spika nyingi za redio za zamani. Nitajuaje ipi nzima kabla sijawapa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Una mtaji hapo, redio za zamani zilikuwa na spika nzuri sana.

Anza na macho na vidole. Weka vidole viwili vitatu kwenye koni kuzunguka kile kituguu cha katikati, sukuma taratibu sana sawasawa, alafu achia, huku umesogeza sikio. Isikwaruze. Ukisikia kama mchanga unasuguliwa, koili imeacha njia inagusa sumaku, hiyo weka pembeni. Ikiwa imegoma kabisa kusogea, koili imeungua ikagandia. Ikisogea laini kimya, hiyo ina uhai.

Alafu chukua betri moja ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya, gusa terminali kama unapapasa, gusa na kuachia. Itatoa "tap" na utaona koni inaruka mbele au inarudi nyuma. Ikiruka mbele, ule upande wenye chanya ya betri ndo chanya ya spika, weka alama. Usiishikilie betri pale, gusa tu. Kama una mita, spika iliyoandikwa omu 8 itasoma 6 au 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Hiyo ni kawaida mzee, mita inapima waya wa koili tu, ile 8 ni ya wakati spika inapigwa sauti.

Isipotoa mlio wala mita haisomi, usiitupe bado. Angalia zile waya mbili laini kama uzi wa nywele zilizosukwa, zinatoka kwenye terminali zinaenda kwenye koni. Hapa kwetu Dar na hewa hii ya chumvi zinaota kijani pale zilipochomewa na zinakatika kwa ndani huku kwa nje zinaonekana zimeshika. Zivute kidogo na kibano. Ikikatikia kwenye terminali, kwangua ile kijani mpaka shaba ing'ae, weka risasi kidogo sana na chuma cha kuchomelea kisikae muda mrefu, maana risasi ikipanda kwenye ule uzi unakuwa mgumu, na uzi mgumu kwenye kitu kinachotikisika hauchelewi kukatika. Uache ukiwa umelegea kidogo kama ulivyokuwa. Nyingi mno zinatupwa kwa ajili ya huo uzi tu na spika yenyewe nzima.

Zenye pembeni ya sponji, ukigusa inabomoka kama keki ndo imekwisha na joto na unyevu, hizo mwachie fundi wa sabufa. Zenye pembeni ya karatasi au kitambaa kilichokunjwa kunjwa, wape wajukuu.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nafuga kuku Goba, nimefunga kile kielea cha kuniambia maji ya tenki yakiisha kwenye Arduino, kwa sasa inalia tii tii tii, lakini kijana wa bandani kachoka nayo anachomoa. Nataka iongee, iseme "maji yameisha" kwa sauti yangu. Inawezekana na spika ya redio ya gari ninayo?

JIBU: Salama dada yangu, pole na kazi. Inawezekana na wala si ghali, ila usijaribu kuibana sauti yako ndani ya Uno yenyewe. Nafasi yake ya programu ni kilobaiti 32 tu, na sauti hata ile ya kiwango cha simu inakula baiti 8000 kila sekunde, hivyo hata ungeitoa programu yote unapata sekunde 4 tu na kidogo.

Ulizia DFPlayer Mini. Ni kibodi kidogo kama stampu, kinachukua memori kadi, kinasoma mp3, na ndani yake kina amplifaya ya wati 3 tayari, kwa hiyo spika inaungwa hapo hapo kwenye SPK_1 na SPK_2. Spika ya gari kwa kawaida ni omu 4, inafaa. Wala usiogope kwamba imeandikwa wati 40 au 60, hiyo ni kiasi inachoweza kustahimili, haimaanishi inakulazimisha umpe zote. Waya zote mbili za spika zibaki kwenye SPK, hata mmoja usiende GND.

Volti 5 na GND toa kwenye chaja nzuri ya simu, na GND hiyo iungane na ya Arduino, bila hivyo havisikilizani. Karibu kabisa na DFPlayer weka kapasita ya maikrofaradi 470, maana ikianza kuongea inavuta umeme kwa kushtukiza na bila kapasita Arduino inaweza kujiresti katikati ya sentensi. Waya wa kwenda RX ya DFPlayer (mguu wa kupokea amri) upitishe kwenye rezista ya 1k, usipoiweka utasikia mvumo kwenye spika. Kasi ya mawasiliano ni 9600.

Memori kadi isizidi GB 32, iformatiwe FAT32, tengeneza folda inaitwa mp3 na faili lako liite 0001.mp3, liite kwa ile amri ya folda ya mp3. Ukitumia amri ile nyingine ya kuita kwa namba tupu inafuata mpangilio ulionakilia mafaili kwenye kadi, jina haiangalii, na hapo ndo unataka "maji yameisha" inakuja "chakula kimeisha". Alafu kitu kimoja kinachosumbua wengi: ukijirekodi kwa voisi ya WhatsApp, lile faili ni opus, DFPlayer haijui opus. Libadilishe kuwa mp3 kwanza kwa programu yoyote ya simu, au rekodi kwa rekoda ya simu alafu ubadilishe.

Na tafadhali spika usiiache uchi ikining'inia na waya. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, na zile hewa mbili zikikutana pembeni ya spika zinauana, unabaki na sauti nyembamba ya kwenye kopo. Chukua ndoo ya rangi yenye mfuniko, kata tundu kwenye mfuniko la ukubwa wa koni, funga spika na skrubu nne, na mle ndani tia kipande cha godoro bovu. Utashangaa, ni spika ile ile, umeme ule ule, lakini bandani mpaka barazani kwako utasikia kila neno. Ielekeze chini kidogo ili vumbi la maranda na unyevu visikae kwenye koni, na tundu la waya lizibe.

Na usiweke irudie bila kukoma. Iseme, inyamaze dakika kadhaa, iseme tena, na umpe kijana kitufe cha kuinyamazisha kwa muda akishasikia. Hapo hataichomoa.

SWALI: Kaka mambo, mi nasoma ufundi, nakaa Sinza. Nilinunua PAM8403, kile kibodi cha amplifaya, niunge na Arduino, nikaunga minasi za spika zote mbili kwenye GND kama navyofanya kwenye kila kitu, ikatoa joto ikafa. Nyingine nayo ikafa nikiwa nimeiwekea volti 9. Kosa langu liko wapi? Alafu nina sabufa ya inchi 8, itatoa maneno?

JIBU: Poa mdogo wangu. Makosa mawili tofauti. PAM8403 kila spika inaiendesha kwa pande zote mbili, chanya na hasi zote zinasukuma kwa kupokezana, hasi yake siyo GND. Ukiipeleka GND umepiga shoti nusu ya amplifaya. Kwa hiyo kila spika ina waya zake mbili mpaka kwenye bodi, za kushoto hazigusani na za kulia. La pili, inakula volti 2.5 mpaka 5.5, hiyo 9 ni kifo. Unataka kutumia volti 9 tafuta LM386, chip nyingine ya amplifaya, inafanya kazi kuanzia 4 mpaka 12, ila yenyewe spika inapitia kwenye kapasita ya maikrofaradi 220 au 250 kutoka mguu namba 5 na hasi inaenda GND kweli. Ona sasa, chip mbili, sheria mbili, soma karatasi ya chip kabla hujashika chuma.

Spika kwenye PAM8403 zisipungue omu 4. Ukiwa na mbili za omu 4 upande mmoja ziunge mfululizo zitakuwa 8, ukiziunga sambamba zinakuwa 2 na utarudi dukani.

Pia mlio wa Arduino wa volti 5 usiuingize mzima mzima kwenye mlango wa amplifaya, ni mkubwa mno unakwaruza. Weka rezista ya 10k kutoka kwenye pini, alafu 1k kwenda GND, chukua sauti pale zinapokutana, inakuwa kama volti 0.45. Na hiyo sabufa ya inchi 8 uliyoitaja chini ya barua, itaunguruma lakini maneno hutayaelewa, ile imetengenezwa kwa besi. Tafuta ya inchi 3 au 4.

SWALI: Fundi, saketi yangu ya DFPlayer inaongea vizuri nikitumia laptopu, nikiweka chaja ya simu inavuma mmm muda wote, nikiweka pawabenki inazima yenyewe baada ya muda. Huku Kigamboni umeme ukikatika nahitaji hiyo pawabenki.

JIBU: Mvumo ni chaja, nyingi za bei rahisi hazichuji umeme vizuri. Jaribu chaja nyingine kwanza kabla hujagusa saketi, alafu ongeza kapasita ya maikrofaradi 470 au 1000 kwenye volti 5, na waya za spika zisokote pamoja uzipitishe mbali na za umeme. GND zote zikutane sehemu moja, usizirukishe kutoka kibodi hiki kwenda kile.

Pawabenki inazima kwa sababu saketi yako ikiwa kimya inakula umeme mdogo sana, pawabenki inadhani simu imejaa. Zipo zenye hali ya kuchaji vitu vidogo kama saa na spika za masikioni, unabonyeza kitufe mara mbili, ulizia hiyo. Kama huipati, weka rezista ya omu 47 ya wati 1 kati ya volti 5 na GND, itakula kama miliampea 100 muda wote na pawabenki nyingi zitabaki macho. Inakula chaji, pawabenki ya miliampea-saa 10,000 iliyo nzima itakaa siku moja na nusu mpaka mbili hivi, na rezista itakuwa ya moto hivyo isiguse plastiki wala waya.